Anayejaza mshahara kwenye fomu ndiye anayekadiria fidia

Mhariri,

Ile habari yenu ya Jumanne, ya kijana aliyeumia mkono kwenye godauni kisha "akalipwa fidia kulingana na sheria", niliisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikunja gazeti nikatoka nikakae barazani. Nimekuwa msomaji wenu tangu nilipokuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu maneno hayo matatu, "kulingana na sheria", ndiyo aliyoambiwa mpwa wangu mwaka jana alipowekewa kalamu mkononi, na mkono wenyewe hauna kidole cha kuishikia.

Mwandishi wenu hakusema kijana yule alilipwa shilingi ngapi, wala hesabu yake ilipigwaje. Nitaipiga mimi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo huku mjini kila mtu anaiita WIBA, inachukua mapato ya mtu ya mwezi, inayazidisha kwa miezi 96, halafu inazidisha kwa asilimia ya ulemavu aliobaki nao. Aliyepofuka macho yote mawili, au aliyepoteza mikono yote miwili, ni asilimia 100. Aliyekatika kidole anatafutiwa sehemu yake kwenye jedwali lililo nyuma ya sheria hiyo. Ni namba tatu tu: mapato, 96, asilimia. Ile ya katikati haiguswi na mtu. Za pembeni ndizo zinazochezewa, na zikichezewa kidogo tu, mtu hupoteza zaidi ya nusu ya haki yake na karatasi ikabaki safi.

Mpwa wangu ana miaka 24. Alikuwa kibarua kwenye yadi moja ya makontena, sitaitaja. Usiku mmoja alikuwa akipitisha mnyororo chini ya shehena ya mabomba, nyapara akapiga mluzi, kreni ikainua kabla hajatoa mkono. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikatika palepale. Kidole cha shahada kilisagika, kikashonwa, kikapona kimenyooka kama kijiti. Hakikunjiki mpaka leo. Dadangu alinipigia simu saa tisa za usiku. Nilimkuta kijana kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa kwa fulana yake mwenyewe, na glavu imo mfukoni. Alikuwa amepewa moja tu, ya kushoto.

Kuanzia siku ya pili malipo yalikatwa. Sheria inataka mtu aliye kitandani kwa ajali ya kazi aendelee kupata mapato yake wakati anatibiwa. Yeye hakupata hata senti. Wiki tisa alilishwa na mamake kwa pesa za mahamri.

Sasa ndipo ikaja fomu. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Sehemu ya mwajiri ilijazwa ofisini, mlango umefungwa, na penye mapato pakaandikwa shilingi 16,000. Hiyo ilikuwa pesa ya mchana peke yake. Kijana huyu alifanya ovataimu ya usiku siku tano kwa wiki, kila wiki, miezi kumi na minne mfululizo. Nilikaa naye usiku kucha tukipitia ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, mwezi kwa mwezi, nikiandika kwenye daftari kama nilivyokuwa nikiandika magunia: kila mwezi alikuwa akipokea kama shilingi 27,000. Na sheria hiyohiyo inasema wazi kwamba ovataimu ya kawaida, ya kazi anayoifanya mtu siku zote, ni sehemu ya mapato. Inayoachwa nje ni ile ya kubahatisha, ya leo ipo kesho haipo. Nilimpelekea daftari lile afisa wa kampuni. Hakulifungua. Aliniambia, "Mzee wangu, ovataimu si mshahara." Mhariri, mimi nimekuwa karani miaka 31. Najua ovataimu ya mara mbili kwa mwezi, na najua ovataimu ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mtu akikesha yadini siku tano kwa wiki kwa zaidi ya mwaka mzima, ule si muda wa ziada, ndio maisha yake, na kumwandikia 16,000 ni kumwibia mara ya pili. Mara ya kwanza alipoteza kidole.

Daktari wa kwanza alimpima kwa utaratibu, akamkunja kila kidole, akaandika asilimia 20. Kampuni ya bima ikaleta daktari wake. Huyu alimwona muda mfupi kuliko chai kupoa. Alikifinya kidole cha shahada, akauliza kama kinauma. Kijana akasema hakiumi, kwa maana kimekufa ganzi, hakisikii kitu. Daktari akaandika kwamba mgonjwa hana maumivu, akateremsha hadi asilimia 12. Kidole kilichokatika kina namba yake kwenye jedwali, hakuna wa kuipunguza. Kilichobaki mkononi hali kimekufa kinategemea jicho la anayekitazama.

Hebu hesabuni nami. 16,000 mara 96 ni 1,536,000. Asilimia 12 yake ni shilingi 184,320. Hizo ndizo alizolipwa. 27,000 mara 96 ni 2,592,000. Asilimia 20 yake ni shilingi 518,400. Mkono ni ule ule, ajali ni ile ile, sheria ni ile ile. Pengo ni shilingi 334,080, na halikutokana na jambo lolote lililotendeka chini ya ile kreni. Lilitokana na watu wawili waliokaa vitini na kalamu.

Waliomwita kutia saini walimwita peke yake, Ijumaa, baada ya sala. Walimwekea mezani karatasi mbili za Kiingereza wakamwambia ni risiti ya pesa. Alipojaribu kushika kalamu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, akaiokota, ikaanguka tena. Wakaleta kidau cha wino wakachukua alama ya gumba la kushoto. Mamake aliuona wino jioni ile akadhani alikuwa ameenda kupigwa alama za vidole vya kitambulisho. Karatasi yenyewe aliificha chini ya godoro kwa aibu ya kutoielewa, mtoto aliyemaliza darasa la nane. Ilipofika mikononi mwangu, "Mjomba, hebu nisomee hapa," nilisoma kwamba amekubali kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na hatadai tena chochote kwa kampuni wala kwa bima. Sheria inampa mtu siku 60 za kupinga uamuzi. Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, anayesimamia madai haya, anatakiwa kumjibu ndani ya siku 14, na asiporidhika ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa siku ya 71.

Na hata kama ile hesabu ingepigwa kwa uadilifu, hiyo 96 nayo inanikera. Miezi 96 ni miaka minane. Kijana wa miaka 24 na mzee wa miaka 58 wakikatika kidole kimoja siku moja, na mshahara wao ukiwa sawa, watalipwa sawa. Simwonei wivu mzee, mimi mwenyewe ni mzee. Lakini mmoja amebakiza miaka michache ya kubeba mizigo, mwingine amebakiza maisha mazima. Mpwa wangu sasa anauza madafu. Anayapasua kwa mkono wa kushoto, na mamake huwa anageuza uso asimtazame anapoinua panga.

Maumivu nayo hayamo kabisa. Zamani mtu angeweza kumshtaki mwajiri mzembe kortini, na hakimu akayapima maumivu yake. Sheria hii iliufunga mlango huo. Mahakama Kuu ikaufungua mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikaufunga tena mwaka 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ikautia kufuli. Sasa dai linaanzia kwa yule Mkurugenzi, korti inabaki ya rufaa. Sigombani na hilo lenyewe, kesi za zamani zilikuwa zikizeekea kortini. Ila ukimwondolea maskini hakimu, basi ile karatasi moja uliyomwachia isijazwe na mtu anayetakiwa kumlipa. Na wale madalali wa mawakili bado wanazunguka wodini wakiahidi watu kesi za mamilioni kana kwamba hawajasikia. Watatu walinijia mimi kabla kijana hajaoshwa kidonda.

Halafu hili la lugha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi za nchi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Huku Mombasa, ambako kreni zinaamrishwa kwa Kiswahili, mluzi wa nyapara unafuatwa na tusi la Kiswahili, na mtu akiumia analia kwa Kiswahili, kila karatasi inayogusa jeraha lake ni ya Kiingereza, kuanzia fomu ya ajali mpaka ile ya kupokea pesa. Nimeuliza sana, nikaambiwa ndivyo zilivyo. Mtu hawezi kupinga hesabu asiyoweza kuisoma.

Ninachotaka ni hiki. Kwenye fomu ya ajali iongezwe sehemu ya tatu, ya mfanyakazi, kwa Kiswahili, aandike mwenyewe pesa alizopokea mwezi kwa mwezi kwa miezi 12 kabla ya kuumia, na ujumbe wa M-Pesa au peislipu viambatishwe. Namba yake ikitofautiana na ya mwajiri, hesabu isipigwe kwanza mpaka wote wawili waitwe chumba kimoja. Karatasi ya kupokea fidia isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya jamaa aliyechaguliwa na majeruhi mwenyewe, na siku 60 za kupinga ziandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Na kwenye lango la kila yadi na kila godauni, Shimanzi mpaka Miritini, karibu na kile kibao cha kukataza sigara, kipakwe rangi kibao kingine: mapato yote mara 96 mara asilimia. Rangi iwe nyekundu. Vibarua wanasimama langoni hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi wakingoja kuchaguliwa, watakisoma mpaka wakijue kwa moyo.

Na mwandishi wenu, tafadhali, arudi kwa kijana yule wa godauni amwulize mambo mawili: fomu yake iliandikwa mapato ya shilingi ngapi, na daktari wa mwisho kumwona aliandika asilimia ngapi. Akipata majibu, yachapwe ukurasa ule ule mliochapa ile habari ya kwanza.

Karani mstaafu,
Mikindani, Mombasa