Mkopo wa nyumba wa pamoja usipimwe kwa mshahara utakaokoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa wenza wengi walioajiriwa hapa Mbeya na mikoa jirani, wale wanaoomba mkopo wa nyumba kwa pamoja huku mmoja wao akiwa na nia ya kurudi chuo kikuu baada ya mwaka mmoja au miwili. Maoni yangu ni kwamba mkopo wa namna hiyo upimwe kwa mshahara wa yule atakayebaki kazini, na kwamba benki ziulize habari za masomo kabla ya saini.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mkopo wa shilingi milioni 40, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, ukilipwa kwa miaka 15, unadai rejesho la takribani shilingi 560,000 kila mwezi. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara huo, yaani shilingi 300,000, kwa hiyo nafasi yake yote ya makato ni shilingi 600,000. Humo humo zinatoka kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, bima ya afya na, kama alisomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo peke yake ni shilingi 135,000. Hayo yote yakishatoka, nafasi inayobaki kwa ajili ya benki ni kama shilingi 300,000. Wenza wawili wenye mishahara ya kiwango hicho wakiunganisha nafasi zao, fomu inapita. Mmoja akienda chuoni bila mshahara, rejesho linabaki lile lile, na anayebaki kazini hawezi kulibeba hata akikatwa mpaka kikomo.

Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo na mwajiri wake anaweza kuendelea kulipwa, na huyo hesabu yake ni nyepesi. Wasiwasi wangu uko kwa mwenza aliyeajiriwa katika shule, zahanati au kampuni binafsi, ambaye kwa kawaida huacha kazi au huchukua likizo bila malipo, kisha anajilipia ada mwenyewe.

Mimi na mume wangu tulipofika kwenye benki moja hapa mjini tukiwa na hati za mishahara na barua za uthibitisho wa ajira, nilimweleza afisa mikopo kwamba nakusudia kwenda kusoma shahada. Alinijibu kwa upole, "Mama, hayo ya chuo tuyaache kwanza. Mkishasaini mtajipanga." Nilipoipitia fomu niliona inauliza mwajiri, cheo, tarehe ya kuajiriwa, madeni mengine na hata idadi ya wategemezi, lakini haina mstari hata mmoja unaouliza kama mwombaji anatarajia kuacha kazi. Simlaumu sana kijana yule, maana anafuata karatasi aliyopewa, ingawa nadhani alijua vizuri kwamba jibu langu lingeharibu ombi.

Wapo wanaosema mambo yakibana mtarudi benki kuomba nafuu. Nafuu hizo nazo zipigiwe hesabu. Katika mfano wangu, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 500,000, kwa hiyo hata benki ikikubali ulipe riba tupu wakati wa masomo, utakuwa umepunguziwa kama shilingi 60,000 tu. Muda ukirefushwa kutoka miaka 15 hadi 20, rejesho linashuka kwa takribani shilingi 33,000, na unabaki na miaka mitano zaidi ya deni. Kwa viwango vya riba vya namna hii, nafuu ya kweli inapatikana kwa kukopa kidogo tangu mwanzo.

Waombaji wengi pia hawaelezwi kwamba katika mikataba mingi ya mkopo wa pamoja kila aliyesaini anadaiwa deni lote, wala si nusu yake. Bima ya mkopo inayokatwa siku ya kwanza kwa kawaida hulipa deni iwapo mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, lakini haimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Na mapato ya shamba, ambayo huku kwetu ndiyo yanayosomesha watoto, iwe ni viazi vya Umalila au parachichi za Rungwe na Njombe, benki huyasikiliza tu bila kuyaandika popote kwa sababu hayaonekani kwenye hati ya mshahara.

Sisemi kwamba watu waache masomo au waache kujenga. Kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company), inayozikopesha benki, ilianzishwa mwaka 2010 ili benki zipate fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, na ni vyema wafanyakazi wa mikoani nao wafaidike. Anayeweza kusoma bila kuacha kazi anayo njia, kwani Chuo Kikuu Huria kina kituo Mbeya, na Kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe imekuwa ikitoa masomo ya jioni. Asiyeweza, kama mwenye fani inayodai mafunzo ya vitendo mchana kutwa, aombe mkopo unaobebeka kwa mshahara mmoja, aanze na vyumba viwili, kisha aombe nyongeza akishahitimu na kurudi kazini. Sisi tumeamua hivyo, ingawa mume wangu bado anaona nyumba itakuwa ndogo mno.

Ninaziomba benki zinazotoa mikopo ya nyumba Mbeya, Iringa na Njombe zijibu kupitia ukurasa huu maswali mawili. Je, zinaweza kuongeza kwenye fomu swali linalohusu masomo? Na mwombaji akijibu kwamba anakwenda kusoma, je, zinaweza kumpa majedwali mawili ya marejesho, moja la mishahara miwili na jingine la mmoja, aende nayo nyumbani kabla ya kusaini?

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya