Barua ya wazi kwa vijana wanaopigania dunia isiyo na silaha za nyuklia

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaotumia jioni zenu kuwaandikia wabunge, kukusanya saini na kuwaeleza watu jambo ambalo wengi wao wangependa lisizungumzwe kabisa. Manung'uniko yenu yamenifikia: kwamba kazi hii haionekani mwisho wake, kwamba dunia bado ina vichwa vya nyuklia vipatavyo 12,000, na kwamba mataifa tisa yanayovimiliki yanavifanya vipya badala ya kuviteketeza. Mna haki ya kunung'unika. Kinachonisukuma kuwaandikia, hata hivyo, ni kingine. Naona mmeanza kubishana na wenye silaha katika uwanja wao, mkikariri majina ya makombora na masafa yake, huku mkiuacha kidogo kidogo ule msingi ambao umezipa nguvu asasi za kiraia katika suala hili tangu mwanzo, yaani ushahidi wa kile ambacho bomu linaufanyia mwili wa binadamu, ukiambatana na dai moja lililo wazi.

Fikirini habari ya meno ya watoto. Katika miaka ya 1950 mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya majaribio hewani, na viongozi wakiwaambia raia kwamba mionzi inayorudi ardhini ni kidogo mno kumdhuru mtu. Mwaka 1958, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, wanasayansi, madaktari na akina mama waliamua kupima wenyewe. Walijua kwamba strontiamu-90, kemikali yenye mionzi inayotokana na milipuko hiyo, huanguka na mvua, ikaingia kwenye majani, ikaliwa na ng'ombe, ikatokea kwenye maziwa, na kwamba mwili wa mtoto huipokea kana kwamba ni kalsiamu na kuijenga ndani ya mifupa na meno. Jino la utoto hung'oka lenyewe, kwa hiyo ushahidi ungepatikana bila kumtoa mtoto yeyote tone la damu. Mzazi alilifunga jino, akajaza kadi kueleza mtoto alizaliwa lini, mama aliishi wapi wakati wa ujauzito na mtoto alinyonyeshwa au alipewa maziwa ya chupa, kisha akavituma vyote kwa posta. Na mtoto akarudishiwa beji ya kuonyesha kwamba ametoa jino lake kwa ajili ya sayansi. Meno yaliyokusanywa kwa njia hiyo yalifikia mamia ya maelfu, nayo yalionyesha kwamba kadiri majaribio yalivyoongezeka ndivyo strontiamu ilivyozidi kwa watoto waliozaliwa.

Agosti 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilisaini mkataba wa kukomesha majaribio ya hewani, ya anga za juu na ya chini ya maji. Sitawaambia kwamba ni meno yaliyowasainisha, maana hofu ya mgogoro wa makombora ya Cuba wa 1962, uliozifikisha Marekani na Umoja wa Kisovieti ukingoni mwa vita vya nyuklia, ilikuwa bado mbichi vichwani mwao. Lakini hakuna mzazi aliyehitaji kufundishwa mbinu za kivita ndipo aelewe kadi ile ilihusu nini. Na kuna upande wa pili wa habari hiyo ambao wasimulizi wengi huupita haraka: majaribio hayakukoma, yalihamia chini ya ardhi, na kwa kuwa maziwa yalikuwa yameanza kuwa salama, watu wengi walirudi nyumbani. Mkataba uliondoa vumbi machoni pa watu, mabomu yakazidi kuongezeka, hata kufikia katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa zaidi ya 60,000. Mtakapopata ushindi mdogo, na mtaupata, siku hiyohiyo anzeni kuandika barua inayofuata.

Huko Kazakhstan Umoja wa Kisovieti ulikuwa umefanya majaribio zaidi ya 450 katika uwanja wa Semipalatinsk tangu 1949. Februari 1989 gesi ya mionzi ilivuja kutoka kwenye mlipuko wa chini ya ardhi, na mshairi Olzhas Suleimenov, aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza kwenye televisheni, aliitumia kuwaeleza watu juu ya uvujaji huo na kuwaita wakutane. Vuguvugu lililozaliwa hapo lilitanguliza dai moja, uwanja ufungwe, na tarehe 29 Agosti 1991 ulifungwa. Lingekuwa limedai amani ya ulimwengu mzima kwa mkupuo, nadhani serikali ingelipongeza kwa hotuba nzuri na kuendelea kulipua.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyozaa mkataba ambao leo mnauombea saini. Katika mikutano ya Oslo mwaka 2013, kisha Nayarit na Vienna mwaka 2014, ICAN, kampeni ya kimataifa ya kutokomeza silaha za nyuklia, na wenzao hawakuuliza nani anastahili kumiliki bomu. Waliuliza: likilipuka moja juu ya mji, nani atawahudumia majeruhi? Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilijibu bila kuzunguka kwamba hakuna nchi wala shirika lenye uwezo huo. Tarehe 7 Julai 2017 nchi 122 zilipiga kura kuupitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, moja ikapinga na moja ikajizuia, na wenye silaha hawakufika. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tunavyosema, ila katika suala hili asiyekuwepo ndiye mwenye kila kitu, na ndiyo maana wapo wanaowacheka kwamba mmetunga sheria ya watu wasio na mabomu. Waacheni wacheke. Mfuko mkubwa wa pensheni wa Uholanzi, ABP, ulitangaza mwanzoni mwa 2018 kwamba utauza hisa zake katika kampuni zinazotengeneza silaha hizo, na Uholanzi ndiyo ile nchi moja iliyopiga kura ya kupinga.

Kati ya kura hiyo na siku mkataba ulipoanza kutumika, 22 Januari 2021, ilipita miaka mitatu na nusu, sehemu kubwa yake ikiwa ya kutafuta nchi 50 za kuuridhia, nayo ni kazi isiyopigwa picha. Mkataba uliosainiwa hutoka wizara ya mambo ya nje ukaenda kwa wanasheria wa serikali, kisha kwa mawaziri, kisha bungeni, na mara nyingi hukwama njiani, wala si kwa sababu yupo anayeupinga, bali kwa sababu hakuna anayeuliza uko wapi. Kijana mmoja anayejua faili limelala kwenye meza ya nani ana manufaa kuliko kumi wanaojua kombora gani linafika wapi.

Mtaulizwa habari za Ukraine, iliyoachilia silaha za Kisovieti zilizokuwa kwenye ardhi yake kwa ahadi za usalama zilizotolewa Budapest mwaka 1994, kisha ikavamiwa na Urusi. Msilikwepe swali hilo wala msimdharau anayeliuliza, kwa maana ni swali la mtu mwenye hofu ya kweli. Kubalini kwamba ahadi zilivunjwa. Elezeni kwamba mamlaka ya kufyatua silaha zile yalikuwa Moscow, si Kyiv. Kisha mrudisheni muulizaji kwenye tarehe 25 Januari 1995, Norway iliporusha roketi ya kuchunguza mianga ya anga za kaskazini. Taarifa ilikuwa imetumwa Urusi mapema, lakini haikuwafikia waliokuwa kwenye rada, wakahofu kuwa ni kombora, na mkoba wa kuamuru mashambulizi ya nyuklia ukafunguliwa mbele ya Rais Yeltsin. Anayesema silaha hizi zinalinda amani aeleze pia amani hiyo italindwaje dhidi ya barua iliyochelewa ofisini.

Mnapoitaja Mahakama ya Kimataifa ya Haki, itajeni yote. Maoni yake ya Julai 1996 yanasema kwa kauli moja kwamba mataifa yana wajibu wa kujadiliana kwa nia njema hadi kuzitokomeza silaha hizi, lakini majaji hao hao hawakuweza kuamua iwapo zingekuwa haramu pale uhai wa taifa unapokuwa hatarini. Mkificha nusu ya pili, mpinzani wenu ataisoma kwa sauti, na kuanzia hapo hata nusu ya kwanza haitasikilizwa.

Kuhusu manusura wa Hiroshima na Nagasaki nina ombi. Wastani wa umri wao umeshapita miaka 85, na shirika lao, Nihon Hidankyo, lililopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2024, limekuwa likitoa ushahidi tangu 1956. Msiwaite jukwaani walie kwa dakika tano kabla ya wataalamu kuanza. Wapeni muda, wawekeni mwanzo na mwisho wa ratiba, na rekodini maneno yao kamili pamoja na tarehe na mahali, kwa sababu baada ya wao kuondoka zitabaki rekodi hizo.

Mkutano wa kwanza wa mapitio ya mkataba ule wa 2017 umepangwa kufanyika New York mwishoni mwa 2026, chini ya uenyekiti wa Afrika Kusini, nchi iliyotengeneza mabomu yake yenyewe ikayavunja. Ningekuwa na miguu yenu ningekwenda na dai moja, lile ambalo Kazakhstan na Kiribati, nchi ya visiwa vya Pasifiki, zimekuwa zikilisukuma, la mfuko wa kimataifa wa kuwasaidia walioathiriwa na majaribio na kusafisha ardhi yao. Andikeni dai hilo katika ukurasa mmoja. Kisha nendeni wizara ya mambo ya nje ya nchi yenu, mkaulize ni ofisa gani amepangwa kuhudhuria, na mhakikishe ameusoma kabla hajapanda ndege.

Mzee wenu