Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulivyoisoma Siku ya Petro

Ndugu wanachama, salaam.

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati ichague jambo moja na kukaa nalo mwaka mzima. Tulichagua sikukuu za kiangazi za wakulima wa Kirusi waliohamia, au kuhamishwa, mbali na kwao.

Vikao vya mwanzo vilihusu desturi zinazojulikana zaidi: matawi ya mti wa betula yanayoingizwa nyumbani siku ya Pentekoste, mashada ya maua ambayo wasichana huyatupa mtoni wakipiga ramli ya ndoa, na moto unaorukwa usiku wa Ivan Kupala, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Vilikwenda vizuri. Lakini tulipofika kwa Wadukhobori, hakuna aliyetaka kuendelea na jingine, na mimi sikuwaharakisha.

Hawa ni Wakristo wasio na mapadre wala sanamu. Kati ya 1841 na 1845 serikali ya Tsar, mfalme wa Urusi, iliwahamishia kusini mwa milima ya Kaukazi. Kwa Warusi wengi, Siku ya Mtume Petro, tarehe 29 Juni kwa kalenda ya zamani, ilimaanisha mfungo umekwisha na ukataji wa nyasi za mifugo umewadia. Kwa Wadukhobori ilikuwa pia siku ya jina la kiongozi wao, Peter Verigin, aliyekuwa uhamishoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mwaka 1895, walikusanya silaha zao zote, wakazichoma moto huku wakiimba zaburi, kuonyesha kwamba wanakataa vita na utumishi wa jeshi. Karibu na kijiji cha Bogdanovka, Makosaki, askari wapanda farasi wa Tsar, waliwavamia na kuwacharaza mijeledi. Maelfu walifukuzwa vijijini mwao, na mwaka 1899 wapatao 7,500 walivuka bahari kwenda Kanada.

Mwanachama mmoja aliuliza: basi kuiadhimisha siku hiyo ni sherehe au hitima? Tulibishana hadi taa zikazimwa. Kwa maoni yangu ni vyote viwili, na ndiyo maana imedumu. Mezani huwekwa mkate, chumvi na maji. Watu huinamiana, kwa kuwa wanaamini Mungu yumo ndani ya kila mtu. Zaburi zao walizihifadhi moyoni na kurithishana kwa mdomo, wakaziita Kitabu cha Uzima. Sisi tuliolelewa na mabibi waliojua tenzi ndefu bila kushika karatasi tunaelewa uzito wa jambo hilo. Mtu akifukuzwa kwake usiku, zaburi za namna hiyo hazisahauliki nyuma.

Waliobaki Gorelovka, nchini Georgia, huiadhimisha tarehe 12 Julai, ambayo ndiyo 29 Juni ya kalenda ya zamani. Wa Kanada wameshika 29 Juni ya kalenda mpya. Gorelovka wamebaki wachache, maana wengi wamerudi Urusi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Habari hiyo ilinihuzunisha kuliko nyingine zote za mwaka.

Upungufu wetu mkubwa ni lugha. Hatuna msomaji wa Kirusi, tukategemea tafsiri. Kama kuna aliyesomea Urusi, au ana ndugu aliyesomea huko, tafadhali amwone katibu.

Mweka hazina atawasomea hesabu. Mwaka ujao kamati inapendekeza Siku ya Nabii Eliya, tarehe 2 Agosti, ambayo ikishapita wazee wa Kirusi huwakataza watoto kuogelea mtoni. Naomba mlipigie kura pendekezo hilo leo, kabla ya chai.

Mwenyekiti wenu