Jozi moja ya glovu, wodi nzima

Ndugu Mhariri,

Tukizungumzia usugu wa dawa, yaani vijidudu kutosikia tena dawa, lawama humwendea mama aliyenunua amoksilini dukani bila cheti. Kosa analo. Lakini vijidudu sugu husambaa pia humo wodini, kwa mikono yetu sisi watumishi.

Niliuguza miaka mingi, na sasa nimestaafu. Linaloniudhi hadi leo ni jozi moja ya glovu kuzungushwa wodi nzima. Mtu anasafisha kidonda kitanda cha kwanza, anagusa mpira wa mkojo kitanda cha pili, anaandika faili, anafungua mlango, na bado anajiona msafi. Glovu hizo zinamkinga yeye tu; mgonjwa wa kitanda cha tatu anapokea vya wenzake wote. Tena hata akizivua, lazima asafishe mikono, maana glovu hutoboka bila kuonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua.

Madhara ya vijidudu sugu si ya kubahatisha. Utafiti uliofanyika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 hadi 2002 kwa watoto wenye maambukizi ya damu ulionyesha kuwa miongoni mwa walioambukizwa bakteria wa gramu hasi (moja ya makundi makuu mawili ya bakteria) wanaovunja nguvu ya antibiotiki kama seftriaksoni, asilimia 71 walifariki. Kwa bakteria wa kundi hilohilo wasio na uwezo huo ilikuwa asilimia 39.

Utetezi naujua: maji hayatoki, sinki liko mwisho wa wodi. Ni kweli. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa fomula ya kitakasa mikono ambayo famasia ya hospitali inaweza kuchanganya yenyewe. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi zitimie lita 10. Chupa hukaa saa 72 kabla ya kutumika. Mikono yenye damu au kinyesi bado itadai sabuni na maji, lakini kazi nyingine nyingi za kitandani zinawezekana kwa chupa hiyo.

Wakati wa Uviko-19 kila geti lilikuwa na ndoo yenye koki. Ziko wapi?

Naomba waganga wafawidhi wabandike ubaoni kila mwezi: wodi ya watoto wachanga imetumia lita ngapi za kitakasa? Idadi ya maboksi ya glovu wanayo tayari, kwa kuwa hayo huja na ankara.

Muuguzi mstaafu,
Tanga