Kwako Mpwa Wangu Uliyeomba Nafasi Kwenye Kontena

Salaam mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeuona. Unataka nafasi kwenye kontena linalotoka Guangzhou, upakie mzigo wako mwenyewe na uuze kwa jina lako. Kabla sijakujibu mama yako ameshanipigia, na shemeji yangu, yaani baba yako, naye ana lake la kusema. Ukoo mzima umeshatoa hukumu. Basi na mimi najibu hadharani, maana Kariakoo hii wajomba na wapwa wenye kesi kama yetu wamejaa tele.

Kuna mfanyabiashara wa Marekani ya zamani nataka umjue. Elias Hasket Derby, mzaliwa wa 1739, mji wa Salem, Massachusetts. Jicho moja la buluu, jingine la kahawia. Alimiliki meli chungu nzima lakini ubaharia hakuufanya. Alianza kwa kumwandikia hesabu baba yake, Richard, nahodha aliyegeuka tajiri. Mali ya mzee huyo ilitokana kwa sehemu kubwa na ng'onda. Samaki hafifu, wale ambao Ulaya wasingewanunua, walipelekwa visiwa vya Karibi kulisha watumwa wa mashamba ya miwa, na meli zikarudi na sukari. Nakutajia hilo mapema usije ukadhani nakusimulia habari za watakatifu.

Sasa tuje kwenye ukoo. Dada yake Elias, Mary, aliolewa na George Crowninshield mwaka 1757. Miaka minne baadaye Elias akamuoa Elizabeth, dada yake George. Kwa hiyo watoto wa George, kwa upande wa mama, Elias alikuwa mjomba wao. Kwa upande wa baba, alikuwa mume wa shangazi yao. Jaribu kumkwepa mtu wa namna hiyo kwenye arusi.

Usione kama ni umbea. Enzi zile simu hakuna, pesa hutumi kwa mtandao, na barua inatembea miezi. Meli ikishang'oa nanga, mtaji wako wote uko mikononi mwa mtu mmoja kwa mwaka mzima au zaidi. Utamkabidhi nani? Ndiyo maana akina Derby walitumana wao kwa wao. Vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Mwingereza vilipoanza kwenye miji ya Lexington na Concord, Aprili 1775, ndugu yake Elias, Kapteni John Derby, ndiye aliyetumwa haraka London na merikebu ndogo iitwayo Quero, akafikisha habari kabla ya ripoti rasmi ya jenerali wa Kiingereza. Mwaka 1783 ni John huyohuyo aliyewaletea Wamarekani kutoka Ufaransa habari za amani.

Amani ikaja na shida yake. Mwingereza akawafungia Wamarekani bandari zake za Karibi, na Elias amebaki na meli kubwa alizozijenga kuwinda meli za adui. Zifanye nini? Akazielekeza mbali. Desemba 1785 meli yake Grand Turk ilitoka Salem, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapita Isle de France, ambayo leo tunaiita Mauritius, ikaenda hadi Canton. Canton ndiyo hiyo Guangzhou yako. Mei 1787 ikarudi na chai, hariri na vyombo vya kaure, meli ya kwanza ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kufanya biashara huko.

Halafu akafanya jambo ambalo wazazi wengi hapa mjini hatuliwezi. Mwanawe, Elias mdogo, alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha Harvard. Mzee akampeleka Mauritius akawe mtu wake kule. Kijana akakaa kama miaka mitatu. Aliiuza Grand Turk hukohuko, akanunua meli nyingine, akafanya biashara na bandari za India, na baba yuko upande wa pili wa dunia anasubiri barua. Mimi dukani nikitoka kwenda kuswali tu, nikirudi nahesabu droo.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni utaratibu wa nafasi. Kwenye meli za Salem nahodha na maofisa wake hawakuishia mshahara. Kila mmoja alipewa sehemu yake ya tumbo la meli, apakie bidhaa zake na auze kwa faida yake. Kijana aliyeijua kazi aliweza kupanda ngazi haraka mno: Nathaniel Silsbee alikabidhiwa meli ya Derby iitwayo Benjamin, mwaka 1792, hajatimiza hata miaka 20! Baadaye akawa seneta. Na unajua alioa wapi? Kwa akina Crowninshield, binti wa George.

Maana wapwa walishaondoka kwa mjomba wao. George na wanawe wakawa na kampuni yao, gati lao, meli zao. Mmoja wao, Jacob, ndiye aliyeshusha New York mwaka 1796 tembo wa kwanza kuonekana Marekani. Inasemekana alimnunua dola 450 akamuuza dola 10,000. Hata kwenye siasa waligawana: Derby chama cha Wafederali, Crowninshield chama cha mpinzani wao Jefferson, aliyekuja kuwa rais. Bado shangazi ni shangazi, mjomba ni mjomba.

Watu husema ndugu ndio waliowaangusha akina Derby. Siafiki. Embargo ya Jefferson ya 1807, yaani marufuku ya meli kwenda ng'ambo, ilifungia meli za kila mtu bandarini. Na kabla ya hapo Elias alishajitwisha jumba la fahari katikati ya mji, akafa Septemba 1799, miezi michache tu baada ya kuhamia. Mwanawe alirithi jumba lisilolipa kitu, na mwaka 1815 likabomolewa. Mkwe, Nathaniel West, nahodha aliyepata kuendesha meli za mkwewe, aliachana na binti wa Derby mwaka 1806 mahakamani, mji mzima unasikiliza. Wapwa waliofungua gati lao hawakuharibu lolote hapo. Mji ndio uliopata meli zaidi. Kizazi kilichofuata cha Salem kilifika hadi Unguja, Sayyid Said akatia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na ile merikani, kitambaa cha pamba walichovaa mababu zetu, ikaja kwa meli hizo.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Nakupa CBM mbili, yaani mita mbili za ujazo. Nauli utalipa kwa kadiri ya nafasi yako, ushuru na wakala wa forodha vilevile. Udugu usiuingize hapo. Makatoni yaandikwe alama yako, si yangu, na orodha ya mzigo iwe mbali na ya duka. Vipuri vya pikipiki usilete, hivyo ni vyangu, mpaka siku utakapokuwa na fremu yako. Siku hiyo leta chochote, hata ukipanga mlango wa pili kutoka kwangu.

Orodha nitumie kabla kontena halijafungwa. Mama yako mwambie wewe mwenyewe, mimi simu yake sipokei mpaka Ijumaa.

Mjomba wako