Barua ya wazi kwa afisa wa mawasiliano wa mheshimiwa wetu

Ndugu Afisa,

Nakuandikia wewe wala si mkubwa wako, maana ule msamaha wa Jumatatu, wa matusi ya mheshimiwa, ni kazi ya mkono wako. Nembo juu, sahihi chini, na mheshimiwa pembeni akitabasamu. Kweli mlikosa hata picha moja ambayo hacheki?

Matusi aliyatoa matangani, kwa Kijaluo, kipaza sauti mkononi, akiwasema akina mama wanaouza omena: kazi yao, harufu yao, mpaka maumbile yao. Watu wakacheka. Kufika usiku video ilikuwa imezunguka WhatsApp Kisumu nzima. Msamaha ukaja kwa Kiingereza, kwenye Facebook, "iwapo kuna yeyote aliyekwazika". Yeyote nani, ndugu yangu? Waliotukanwa wako Kondele na besheni zao, na hakuna aliyewafuata.

Najua mmejifunza kwa wakubwa. Mei 28, 2025, kwenye maombi ya kitaifa pale Safari Park, Rais Ruto aliwaomba vijana radhi kama kuna mahali serikali ilipoteleza. Kama! Ilhali Juni 2024 vijana walipigwa risasi kwenye maandamano, mchana kweupe.

Uhuru Kenyatta, rais aliyemtangulia, alijitahidi zaidi, kwa maoni yangu. Machi 26, 2015, akiwa bungeni, aliomba radhi kwa makosa ya serikali yake na zilizomtangulia, akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Huku Kisumu tulitega sikio, maana Oktoba 25, 1969, babake, Rais Jomo Kenyatta, alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, watu walimiminiwa risasi barabarani, watoto wakiwemo. Hotuba ilikuwa nzuri. Hela ndizo zilizokwama, miaka ikapita waathiriwa wakingoja.

Basi mkubwa wako asianze na hotuba. Mlete sokoni asubuhi, bila wale vijana wa kumshangilia. Aseme kwa Kijaluo kile alichokisema, kisha awaombe wenyewe msamaha. Wakimzomea, avumilie. Redio za Kijaluo zije zirushe moja kwa moja na zipokee simu za wasikilizaji. Msipeleke kanda mliyoikatakata ofisini.

Na ajiandae: wale akina mama hawatamwachia aondoke kabla ya kumuuliza kile choo cha soko alichoahidi wakati wa kampeni kiko wapi. Jibu la hilo usimwandikie.

Ni mimi,
Mpiga kura wenu, Kondele