YAH: KICHWA CHA 22 AMBACHO SI 22

Uyole,
Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Pikipiki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu kifaa cha kufungulia ekseli ya mbele, kile chenye vichwa vinne vya pembe sita: milimita 17, 19, 22 na 24. Nililipa shilingi 65,000, na 10,000 nyingine ya kukituma kwa basi mpaka stendi ya Nane Nane. Sikununua kwa pupa. Pikipiki yangu ni BMW R 1200 GS, na ekseli yake haina nati ya kushika kwa spana kama za bodaboda. Ina tundu la pembe sita la milimita 22. Nilimweleza hayo kijana wenu kabla ya kulipa, akanijibu, "Hicho chuma cha kazi, kaka, hata lori utafungua."

Jumamosi asubuhi, na baridi ya Uyole mwezi huu si ya kusimuliwa, niliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, nikatoa kalipa za breki, nikalegeza boliti inayobana ekseli. Hili la boliti nalisema mapema kwa sababu ndilo jibu mlilonipa kwenye simu, kwamba sikuilegeza. Niliilegeza mpaka ikatoka. Ilikuwa kwenye kisahani cha chai, karibu na goti langu.

Kichwa cha 22 kiliingia kikicheza. Nikakaza mpini. Kikateleza, kikalia kama jino linalosagwa, na nilipokichomoa pembe zake zilikuwa zimelika kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kona mbili za ekseli zimekwaruzika. Nilikipeleka kwa mchonga vyuma tukakipima kwa vernia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, sehemu ya juu ambayo haikugusa ekseli: milimita 21.4. Cha 19 kinasoma 18.6. Najua lazima kiwe kidogo kuliko tundu ili kiingie, lakini si kwa kiasi hicho. Kikipwaya namna hiyo, nguvu yote inabebwa na ncha za pembe badala ya ubapa wake, na kwa chuma laini kama chenu ncha hazichukui hata robo mzunguko.

Aliyenitoa ni fundi wa malori hapa hapa Uyole. Alichakura kopo lake la vyuma chakavu, akapata boliti yenye kichwa cha 22, akaivisha nati mbili na kuzikaza moja dhidi ya nyingine. Kichwa cha boliti akakitumbukiza kwenye tundu la ekseli, ringi spana akaivisha kwenye nati, akaegemea mara moja. Ikaachia. Akanidai 2,000. Aliponiuliza chenu nilinunua bei gani nilimdanganya, nikasema 20,000.

Naomba mnirudishie shilingi 75,000, nauli ya basi ikiwemo, na gharama ya kukirudisha Dar es Salaam iwe juu yenu. Ekseli sitawadai, kona nimezisugua kwa tupa na bado inafungika. Ila tangazo lenu la kifaa hiki mliondoe, au muandike kipimo kilichopimwa na si kilichogongwa muhuri kwenye chuma. Wapo wenye pikipiki kama yangu wasio na fundi wa malori jirani.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nakala ya barua hii, picha za vernia na risiti nitavipeleka Tume ya Ushindani.

Kifaa kimo kwenye boksi lake, vichwa vyote vinne. Cha 17 kimepimwa na kiko sawa, lakini sina pikipiki ya kukitumia.

Wenu,
Mteja, Uyole